Mzee Kimani Maruge, Babu Aliyeingia Darasa la Kwanza



Mzee akifa, watu huhesabu mashamba aliyoyafungua, ng'ombe aliowafuga na wajukuu aliowaacha. Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alikuwa na wajukuu 30, na hata vitukuu. Lakini habari yake inayokumbukwa kuliko zote ilianza alipokuwa na umri wa miaka 84. Ilikuwa siku ya Jumatatu, tarehe 12 Januari 2004, alipoingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akakaa pamoja na watoto wa miaka sita na saba.

Umri huo ni kwa kauli yake mwenyewe. Aliamini kwamba alizaliwa mwaka wa 1920, wala hakuwa na karatasi ya kuthibitisha. Jambo hili halikuwa la ajabu, maana katika siku zile watoto wengi wa Kiafrika walizaliwa nyumbani pasipo kuandikwa popote, na shule zilikuwa chache, nyingi zikiwa mikononi mwa misheni. Aliyekosa nafasi utotoni alikua, akaoa, akalima na kuzeeka, huku akitafuta mtu wa kumsomea kila barua iliyomfikia.

Katika miaka ya 1950 Maruge alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na utawala wa Waingereza. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, nayo ikaondolewa Januari 1960. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, lakini kalamu haikuja pamoja nao kwa watu wa rika lake. Shule ziliongezeka, ndiyo, ila mtu aliyekwisha kuwa baba alitarajiwa kuwalipia watoto wake karo, si kuketi nao darasani.

Basi mwanzoni mwa mwaka 2003 Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni walijazana madarasani, madawati yasitoshe na walimu wakalemewa. Mzee Maruge naye aliona kwamba tangazo lile lamhusu. Alipokwenda kuomba nafasi, mwanzoni watu walidhani ni mzaha wa kizee. Akarudi amevaa sare ya shule, yaani kaputula na soksi ndefu, na bakora yake mkononi. Mwalimu mkuu, Bi. Jane Obinchu, akampokea. Yafaa jina la mama huyu likumbukwe pamoja na la mwanafunzi wake, kwa maana shule iliyojaa watoto ingeweza kumwambia mzee arudi nyumbani, na hakuna mtu ambaye angeilaumu.

Alipoulizwa kwa nini anataka kusoma katika umri ule, Maruge alitoa sababu mbili. Ya kwanza, alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na shaka kama mhubiri aliyemsikiliza aliifuata sawasawa. Ya pili, alisikia kwamba huenda waliopigania uhuru wakalipwa fidia, naye alitaka kujua hesabu asije akapunjwa.

Sababu hizi mbili zina uzito kuliko sifa zote alizopewa baadaye. Mtu asiyejua kusoma hulazimika kuamini tu. Humwamini karani anayemwonyesha mahali pa kutia dole gumba. Humwamini mwenye duka anayeandika deni katika daftari, na mjukuu anayemsomea barua ya mwanawe aliye mjini, ijapokuwa mjukuu huyo pengine ameruka mstari wenye habari mbaya. Wengi wa hao ni watu waaminifu. Hata hivyo, mzee aliyeishi miaka 84 akitegemea macho ya wengine ana haki ya kuchoka. Maruge hakwenda shule ili apate kazi, wala hakwenda kutafuta sifa. Alikwenda ili aache kuambiwa.

Masomo hayakuwa mepesi kwake. Masikio yake yalikuwa mazito, na mikono iliyozoea jembe hutaka muda mrefu kuzoea penseli. Wajukuu wake wawili walisoma katika shule hiyo hiyo, hata babu na wajukuu wakawa wanaitikia kengele moja. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu. Mnamo Septemba mwaka huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuwahutubia wakuu katika Umoja wa Mataifa juu ya faida ya elimu ya msingi isiyolipiwa. Jina lake liliandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote aliyepata kuanza shule ya msingi.

Kisha ukaja msiba wa nchi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka, na Eldoret ulikuwa mmoja wa miji iliyoumia sana. Mali ya Maruge iliibwa, naye akajikuta katika kambi ya waliokimbia makwao, yapata kilomita 4 kutoka shuleni. Alifikiri kuacha masomo. Lakini asubuhi aliondoka kambini, akaenda darasani. Mtu mwenye miaka 88, aliyenyang'anywa vyombo vyake, akiishi kambini, angekuwa na kila sababu ya kuketi tu na kungoja chakula cha msaada.

Juni 2008 alihamishiwa Nairobi, katika nyumba ya kutunzia wazee, na mara akajiandikisha darasa la sita katika shule ya msingi ya Marura, mtaa wa Kariobangi. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika kanisa Katoliki la mtaa huo, akaitwa Stephen. Wakati huo saratani ya tumbo ilikuwa ikimla. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, kabla ya kufika mtihani wa darasa la nane, akazikwa shambani kwake Subukia. Mwaka uliofuata ilitoka sinema juu ya maisha yake, na watu wa nchi za mbali wakamjua.

Ama ile fidia, habari yake ni hii. Wazee kadhaa waliofungwa na kuteswa wakati wa hali ya hatari walifungua kesi London mwezi Juni 2009, Maruge akiwa bado hai. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imekubali kulipa jumla ya paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228. Maruge alikuwa kaburini karibu miaka minne. Hesabu aliyoiendea shule ilifanywa na watu wengine.