Kupata Vipuri vya Boila ya Peleti za Mbao Kutoka Ng'ambo



Boila ya peleti za mbao ikizimika katika shule ya bweni huko Molo au Kuresoi, mpishi hangoji barua pepe ijibiwe kutoka Austria. Anarudi kwa kuni asubuhi hiyo hiyo. Mtambo ulioagizwa kwa fedha nyingi unageuka kabati la chuma lenye vumbi, na mara nyingi kilichokosekana ni kipande kinachoenea kiganjani.

Sehemu nyingi za mtambo huo si ngeni hapa. Mota na beringi kwa kawaida havitengenezwi na kiwanda cha boila. Kiwanda chenyewe huvinunua. Beringi yenye namba 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14, iwe imetoka Italia au duka la vipuri mjini Nakuru. Kwa hiyo fundi asiende dukani kuulizia "beringi ya boila". Aisome namba. Mota nayo ina kibati kinachotaja volti, wati na mizunguko kwa dakika. Umeme wa Ulaya ni wa hezi 50 kama wa Kenya, lakini wa Marekani ni wa hezi 60. Mota ya huko ikifungwa hapa huenda polepole hata volti zikilingana.

Joto na masizi hufuta maandishi hayo. Kila kibati na kipigwe picha mtambo ungali mpya, na picha ziwekwe kwenye faili la taasisi, si kwenye simu ya fundi mmoja ambaye kesho atahamia Eldoret.

Skrubu inayosukuma peleti inaweza kuundwa na fundi hodari wa jua kali. Apewe ile ya zamani aipime, hasa nafasi kati ya pezi na pezi. Nafasi ikizidi, peleti nyingi huingia kwa mara moja, moto hukosa hewa, na moshi hujaa. Tena mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Molo ni juu zaidi. Kabla ya kununua feni mpya kwa sababu ya moshi, kipimo cha hewa kirekebishwe kwanza.

Chanja inayobeba moto ni suala la peleti zenyewe. Peleti za daraja la A1 la Ulaya haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.7 ya majivu. Zenye magome ya miti au maganda ya mpunga huwa na majivu mengi zaidi, ambayo huweza kuyeyuka na kuganda juu ya chuma. Atakayebadilisha chanja bila kubadilisha peleti ataibadilisha tena.

Kiwashio na kadi ya umeme inayoongoza mtambo ndivyo hasa vya kuagizwa kwa mtengenezaji, kwa namba ya mfululizo wa boila. Wakala wa forodha aelezwe kwamba vipuri vya boila ya kupasha majengo huorodheshwa chini ya 8403.90, na vya boila ya mvuke chini ya 8402.90. Viagizwe viwili viwili.

Kuna vipuri visivyobuniwa kamwe: vali ya usalama, geji ya presha, na kihisio kinachozuia moto kurudi kwenye ghala la peleti. Kuziba vali inayovuja, au kuunganisha nyaya mbili ili kihisio kibovu "kidanganywe", mtambo utawaka, na watoto watapata uji siku hiyo. Lakini hakuna tena kitakachotoa mvuke presha ikipanda, wala kitakachousimamisha moto unaporudi kwenye skrubu. Hapo ni heri kuni za wiki tatu.

Boila ya mvuke, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, hukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa na idara ya DOSHS. Mkaguzi anapofika aonyeshwe kila kipuri kilichobadilishwa, pamoja na kile cha zamani kilichotolewa.