Wajane Waliosahauliwa
(Soma: Matendo ya Mitume 6:1-7)



Kanisa la kwanza lilikuwa na kosa ambalo Luka hakulificha. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kuishika kazi hiyo.

Tangu mwaka 2018, mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada mwema. Lakini shilingi haichoti maji, wala haibishi hodi.

Nyanya mmoja wa parishi yangu alikosa ibada Jumapili tatu. Nilidhani amekwenda kwa mwanawe. Nilipofika kwake nilimkuta kitandani. Fedha zimo katika leso, unga umekwisha, mtungi mkavu. Akaniuliza, "Mchungaji, kumbe hata kanisani hamkuona kwamba sipo?" Sikuwa na jibu.

Jumapili iliyofuata tuliandika majina ya wazee wetu wote. Kila mzee akapewa jirani wawili: mmoja wa maji na kuni, mwingine wa kumfikisha zahanati.

Ndugu msikilizaji, leo kabla jua halijatua, utabisha hodi mlangoni kwa nani?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa ajili ya wale tuliowasahau, utupe na miguu ya kuwaendea. Amina.