Na Hayo Magari Yatapita Wapi?

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyamilangano, Ushetu



Nilipomweleza mama yangu mdogo, anayeishi Ulowa, kwamba mhadhara wangu wa kwanza tangu nipewe uprofesa utahusu magari ya kifahari ya mashindano, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Na hayo magari yatapita wapi, mwanangu?" Nimefundisha uhandisi wa mitambo miaka mingi, na sijaulizwa swali la maana kuliko hilo. Saa hii moja mliyonipa nitaitumia kulijibu.

Watengenezaji wa magari wenyewe wana jibu lao, nalo liko Ujerumani. Katika milima ya Eifel kuna uwanja wa mbio uitwao Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927. Njia yake ya kaskazini, Nordschleife, ni kilomita 20.832 za lami inayopanda na kushuka msituni, yenye kona zaidi ya 70. Kiwanda kikitoa gari jipya la kasi, hulipeleka pale, likazunguka mara moja, na muda wake ukatangazwa dunia nzima. Mwaka 2013 Porsche 918 Spyder ilizunguka kwa dakika 6 na sekunde 57. Mwaka 2017 Porsche 911 GT2 RS, yenye nguvu farasi 700, ikashusha hadi 6:47.3. Mwaka uliofuata Lamborghini Aventador SVJ ikapata 6:44.97. Mwaka 2024 Mercedes-AMG One ikafika 6:29.09. Sekunde 28 zimekatwa ndani ya miaka 11, na yeyote anayejua jinsi ilivyo kazi kukata hata sekunde moja lazima awaheshimu wahandisi hao. Mimi nawaheshimu.

Lakini tuzitazame namba zenyewe kwa jicho la fundi. Kwanza, njia haikuwa ileile. Kwa miaka mingi muda ulipimwa kwa kilomita 20.6, kipande kifupi cha mwanzo kikiachwa nje; tangu 2019 mzunguko mzima ndio unaohesabiwa. Pili, kila kiwanda huja na dereva wake anayeijua njia hiyo kwa moyo, na matairi laini yanayoshika lami kama gundi. Tatu, kuna kisa cha mwaka 2008. Nissan walitangaza kwamba GT-R yao imezunguka kwa dakika 7 na sekunde 29. Porsche hawakuamini. Walinunua GT-R moja Marekani, wakaipeleka palepale pamoja na magari yao mawili. GT-R ikatumia 7:54, 911 Turbo ikatumia 7:38 na 911 GT2 ikatumia 7:34. Mfano uleule wa gari, njia ileile, na pengo la sekunde 25. Linganisheni pengo hilo na zile sekunde 28 za maendeleo ya miaka 11. Dereva, tairi, joto la lami na matayarisho vinaweza kubeba uzito unaokaribia ule wa kazi yote ya wahandisi.

Sasa niwaonyeshe hesabu moja. Naiona ni nzuri kuliko zote katika fani yangu, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza.

Gari linapokata kona, kinacholizuia lisiruke nje ni mshiko wa tairi na ardhi peke yake. Mshiko huo tunaupa namba. Tairi la kawaida kwenye lami kavu lina mshiko wa karibu 1. Kwenye changarawe kavu ni kama 0.5. Kwenye utelezi wa tope ni kama 0.25, na pengine chini ya hapo. Chukueni kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Mwendo wa juu kabisa unaowezekana ni kipeuo cha pili cha mshiko mara nguvu ya mvutano wa dunia mara nusu kipenyo. Kwenye lami mtapata kilomita 80 kwa saa. Kwenye changarawe, 56. Kwenye tope, 40. Angalieni kilichokosekana katika hesabu hiyo: injini haimo. Nguvu farasi 700 na nguvu farasi 70 zinafika kwenye kona hiyo zikiwa sawa.

Hata katika kuondoka ni hivyohivyo. Magari ya daraja la juu hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3. Kwenye changarawe yenye mshiko wa 0.5, hata gari livute kwa magurudumu yote manne, na injini iwe kubwa kiasi gani, haliwezi kufika huko chini ya sekunde 5.7. Nguvu zinazobaki ni vumbi linalorushwa nyuma. Na kusimama ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa sababu barabara zetu zina watoto wa shule na ng'ombe. Kutoka kilomita 100 kwa saa, breki nzuri kwenye lami zinataka mita 39. Kwenye changarawe zinataka 79. Kwenye tope, 157, yaani umeupita urefu wa uwanja wa mpira ukiwa bado unateleza.

Wazee wetu Wasukuma waliziainisha ardhi kwa majina kabla hajazaliwa mtu wa kuzipima mshiko. Luseni ya mchanga, itogolo ngumu, mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika. Yalikuwa majina ya mkulima, ya kujua wapi papandwe mpunga na wapi papandwe karanga. Nikiyasoma leo nayaona kama jedwali la mshiko lililoandikwa kwa jembe.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na kipimo chake cha magari, na kilikuwa kikali kuliko Nordschleife. Mashindano ya Safari yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa ya kila Pasaka, msimu wa masika, kilomita 5,000 hivi za vumbi, mawe na tope. Hayakuuliza nani mwepesi. Yaliweka vituo na saa za kufika, na kila dakika ya kuchelewa ikawa adhabu. Aliyechelewa kidogo kuliko wote ndiye mshindi. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, naye akiwa na Peugeot 404. Wenye umri wangu tunaikumbuka Pijo hiyo: gari la familia, injini ya lita 1.6, springi ndefu zinazomeza shimo bila kulia. Hakuna aliyeibandika picha yake ukutani.

Porsche walikuja na 911. Wakawa wa pili mwaka 1972. Wakawa wa pili 1974. Wakawa wa pili 1978. Katika miaka yote hiyo hawakuupata ushindi wa jumla hata mara moja. Huo wa 1974 ndio ninaoupenda kuusimulia darasani. Björn Waldegård wa Uswidi aliendesha Porsche Carrera RS ya lita 2.7, mojawapo ya magari bora ya michezo ya wakati wake. Aliyemshinda ni Joginder Singh wa Kenya, mtu aliyeanza maisha kama fundi wa magari, akiwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Kwenye uwanja wa lami gari hilo lisingeifikia Porsche hata kivuli. Singh alijua lini akaze na lini alegeze, kwa sababu masikio yake yalikuwa ya fundi: alisikia bolti inayolegea kabla haijatoka.

Msiichukulie hadithi hii kuwa ya kuidharau Porsche. Mwaka 2011, katika mashindano ya magari ya zamani ya Safari, Waldegård yuleyule, akiwa na miaka 68 na mwanawe Mathias akimsomea njia, alishinda. Alikuwa ndani ya Porsche 911, lakini 911 iliyoinuliwa na kuimarishwa kwa ajili ya njia hizi. Na viwanda vyenyewe vimeanza kuifuata njia hiyo. Mwaka 2022 Porsche walitoa 911 Dakar, iliyonyanyuliwa milimita 50 kuliko 911 ya kawaida ya michezo, na Lamborghini wakatoa Huracán Sterrato, iliyonyanyuliwa milimita 44. Kwa kuvaa matairi ya njia mbaya, Dakar imewekewa kikomo cha kilomita 240 kwa saa na Sterrato 260, wakati ndugu zao wa lami wanapita 300. Wahandisi wa daraja la juu kabisa duniani wamekubali kuipunguza namba inayopendwa matangazoni ili gari liweze kupita. Mama yangu mdogo angewaelewa.

Nirudi nyumbani. Wengi wenu mna ndugu waliofanya kazi Buzwagi, ule mgodi wa wazi wa kando ya mji wa Kahama uliozalisha kuanzia 2009 hadi 2021, au wako Geita na Bulyanhulu. Waulizeni kwa nini kwenye mgodi wa wazi greda halilali na boza la maji linapita kutwa. Lori la mgodini lenye uzito wa tani 160 pamoja na mzigo, likipita barabara iliyosawazishwa vizuri, hudaiwa na ardhi kama asilimia 2 ya uzito wake ili tu magurudumu yaviringike: nguvu ya tani 3.2. Barabara ikilegea hadi asilimia 6, deni linakuwa tani 9.6. Mara tatu, kwa lori lilelile na dereva yuleyule. Mafuta yanateketea, matairi yanaisha, tani zinazotoka shimoni zinapungua. Ndiyo maana mgodi hutunza barabara kwanza kabla ya kufikiria kununua lori lenye nguvu zaidi. Sheria hiyo haiishii kwenye lango la mgodi. Fuso lililobeba marobota ya tumbaku kutoka Ulowa linadaiwa vivyo hivyo, na anayelilipa deni hilo ni mkulima, katika nauli ya mzigo wake. Hili linaniuma, kwa sababu hatujaliandika mahali popote kwa namba zetu wenyewe.

Kwa hiyo nina kazi kwenu, nanyi walimu wa fizikia naomba mnisaidie kuisimamia. Chagueni kipande kilichonyooka, pasipo watu wala mifugo, na mweke mtu kila upande wa kuzuia wanaopita. Dereva mzoefu, na helmeti kama ni pikipiki, aende kilomita 40 kwa saa kamili, akifika kwenye mstari wa chokaa akamate breki hadi asimame. Pimeni kwa futi kamba kutoka kwenye mstari hadi aliposimama. Kisha gawanyeni 6.3 kwa mita mlizopata. Jibu ndilo mshiko wa barabara yenu. Mita 9 ni 0.7. Mita 12.6 ni 0.5. Mita 25 ni 0.25, na hapo msirudie, rudini nyumbani salama. Fanyeni mara tano kiangazi, mchukue wastani. Mvua zikianza, fanyeni tena palepale.

Nimeleta daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa Nyamilangano, unaofuata ni wa Ulowa, kisha Ukune, Chona, Idahina, Mpunze. Kila ukurasa una safu mbili, ya kiangazi na ya masika, na zote ziko wazi. Mwalimu atakayekubali kulishika, naomba asimame.