Kufundisha Kando ya Kitanda: Lugha ya Daktari Mwalimu

Chuo cha udaktari kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ambacho tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, hufundisha kwa Kiingereza. Wagonjwa huugua kwa Kiswahili. Baina ya lugha hizo husimama daktari bingwa anayezunguka wodini na wanafunzi wake. Kutibu alifunzwa, kufundisha, mara nyingi, huachwa ajiokotee mwenyewe.

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walipendekeza njia ya hatua tano: mwanafunzi atamke uamuzi wake, aulizwe ushahidi, afundishwe kanuni moja, asifiwe alipopatia, arekebishwe alipokosea. Yenye uzito hapa ni hatua ya pili, kwani ushahidi mwingi hutoka kinywani mwa mgonjwa au mzazi wake.

Mama asemapo mwanawe ana degedege, mwanafunzi huandika kifafa, au malaria kali, akasonga mbele. Neno hilo lataja kukakamaa na kutetemeka kwa mwili. Lakini kwa wasemaji wengi wa pwani lataja pia chanzo, yaani pepo, na ndiyo maana baadhi huanzia kwa mganga. Mwalimu hodari hakubali tafsiri ya haraka. Humwagiza mwanafunzi aulize: ilianzaje, macho yalikuwaje, mtoto amepewa nini nyumbani? Kisha huyarudia majadiliano kwa Kiswahili, mama akisikia. (Kunong'onezana Kiingereza mbele yake ni utovu wa adabu, na ni ufundishaji mbovu vilevile.) Hapo mama hupata nafasi ya kusahihisha: "La, daktari, homa ilitangulia."