Njaa Isitutawanye Tena



Tumeombwa tuseme juu ya ukame. Lakini ukame sisi wa Ugogo hatukuanza kuuona jana. Nchi hii ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, na babu zetu waliijua hesabu hiyo bila kipimo. Tunalotaka kuuliza leo ni hili: kwa nini mvua ikikosa, mtu huacha nyumba yake akaenda zake?

Njaa ya 1917 hadi 1920 wazee waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Je, ni jua peke yake lililowaua? Sivyo. Vita vya Wazungu vilikuwa vimepita hapa. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia 1916 nao wakachukua. Jua lilipokuja likakuta vilindo vitupu, na hapo ndipo watu walipotawanyika.

Leo hakuna askari anayetunyang'anya nafaka. Hata hivyo nyumba nyingi huishiwa kabla mavuno mapya hayajafika, na vijana huondoka kwenda kuhemea, wengine hata Dar es Salaam, wala hawarudi wote. Joto linazidi. Wataalamu wanasema sababu kubwa ni moshi wa mataifa yenye viwanda, nasi tunadai waliochafua walipe. Lakini kilindo hakijazwi kwa madai.

Tuseme kweli juu ya mahindi. Jua likizidi mahindi hufa, mtama hukunja majani ukangoja mvua. Kila mtu hapa analijua hilo. Basi kwa nini tunapanda mahindi? Mabwana wengine hutuita wakaidi. Hao hawajauliza habari za kweleakwelea! Mtama na uwele havina budi kulindwa tangu alfajiri, na walinzi wa zamani walikuwa watoto. Sasa watoto wako shuleni, na wakae huko huko. Kwa hiyo anayetuletea mbegu ya mtama atuletee na shauri la ndege na la soko. Kwa upande wetu, kijiji kipande wakati mmoja, mashamba yapakane, watu wazima walinde kwa zamu.

Na ardhi je? Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga. Waling'oa pori, wala hawakumsikiliza mwenyeji juu ya mvua na udongo. Kufika 1951 mradi umekufa, na pauni zaidi ya milioni 36 zimepotea.

Sisi wenyewe tulifanya vizuri zaidi, lakini si bila gharama. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu ya Kondoa iliyomomonyoka. Majani yakarudi, miti ikarudi. Ni ushindi, tusione haya kuutaja. Lakini wenye ng'ombe waliambiwa wahamishe mifugo, na jamaa wengine wakatengana. Huko nako ni kutawanyika. Kazi ya namna hiyo isianze tena popote kabla wenye mifugo hawajaketi barazani na kuamua ng'ombe waende wapi.

Iko njia isiyomhamisha mtu. Tangu 2018 vijiji vingi vya Dodoma vimefundishwa Kisiki Hai. Mkulima huchagua kisiki kilicho hai shambani mwake, huacha machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, kisha hufunga kitambaa ili kila apitaye ajue mti una mwenyewe. Hakuna mche wa kununua wala wa kumwagilia, kwa kuwa mizizi iko chini tayari. Adui wake ni mbuzi, na mbuzi ni wetu.

Basi tunaomba kila tawi lilete hesabu mbili kabla ya mvua za Desemba: ni nyumba ngapi zina mtu aliyekwenda kuhemea mwaka huu, na ni ngapi zina nafaka ya kufika mavuno. Hesabu hiyo isiandikwe mezani. Wajumbe wapite nyumba kwa nyumba. Na tawi lenye viota vya kweleakwelea liseme mapema, ili habari ifike wilayani kabla mtama haujatoa masuke.