Kipimo cha Maji ya Samaki Kikileta Jibu Usilolitarajia

Haya ni maelezo ya afisa wa uvuvi wa kaunti kwa wakazi waliohudhuria siku ya mafunzo ya ufugaji wa samaki nyumbani.



Nitaanza na kisa. Miezi michache iliyopita mzee mmoja alikuja ofisini akiwa na daftari la mwanawe wa shule. Nyumbani wana tangi la kioo la lita 100 lenye samaki wa mapambo wanane. Kijana alinunuliwa kipimo cha matone, akawa anapima maji kila Jumamosi na kuandika majibu. Amonia ilikuwa sifuri, nitriti sifuri, lakini nitrati ilikuwa 80. Akabadilisha nusu ya maji, akapima tena: 80. Wiki iliyofuata akabadilisha nusu nyingine: bado 80. Mzee akaniuliza, "Bwana afisa, kipimo ni kibovu ama huyu mtoto hajui kupima?"

Nilimwomba arudi na chupa mbili: moja ya maji ya tangi, nyingine ya maji aliyochota kisimani asubuhi hiyo. Nitawaambia tulichokikuta. Kwanza tuelewane kuhusu hayo majina matatu.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu kwa samaki. Kuna bakteria wazuri wanaokaa kwenye kichujio na changarawe ambao huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Nitrati hupungua unapobadilisha sehemu ya maji.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Kwa hiyo ukiona amonia ikipanda wiki za mwanzo, halafu nitriti, usidhani umeuziwa samaki wagonjwa. Punguza chakula, badilisha sehemu ya maji, uwe na subira. Lakini tangi la mwaka mzima likionyesha amonia ghafla, jiulize ni nini kimebadilika. Je, kuna samaki aliyekufa nyuma ya jiwe? Uliosha kichujio kwa maji ya mfereji? Klorini inayotukinga sisi na vijidudu huua pia wale bakteria wazuri. Kichujio kisuuze kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe.

Jibu likikushangaza, usikimbilie kumwaga maji yote. Pima tena kwanza. Tazama tarehe ya mwisho ya dawa. Suuza kichupa kwa maji unayotaka kupima. Hesabu matone, na usubiri dakika zote zilizoandikwa kwenye maelezo. Baadhi ya dawa za kupimia nitrati hutuama chini ya chupa. Usipoitikisa kwa nguvu utapata jibu la chini kuliko ukweli. Rangi isome mchana, mahali penye mwanga, kwa sababu taa ya usiku hudanganya macho.

Tazama pia kipimo kinahesabu nini. Kuna vinavyotaja nitrati yenyewe na kuna vinavyotaja nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Maji ni yale yale, lakini 10 ya nitrojeni ni sawa na kama 44 ya nitrati. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima na wote wako sawa.

Jambo lingine ni pH, yaani kipimo cha uasidi. Sisi wa Pwani visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji yake huwa magumu, na pH yake mara nyingi hupita 7. Hapo ndipo wengi huumia. Amonia ina sura mbili, moja kali na moja isiyo kali sana, na kipimo chako huzijumlisha pamoja. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH ya 7, sehemu iliyo kali haifiki hata asilimia 1. pH ikiwa 8, hufika kama asilimia 5. Kwa hiyo namba ile ile ya amonia inaweza kuwa salama kwa jirani na hatari kwako.

Hii ndiyo sababu mtu hukaa miezi bila kubadilisha maji, na samaki wanaishi tu. Maji ya tangi yamekuwa ya uasidi, amonia imejaa lakini imetulia. Siku anapoamua kusafisha, anamimina ndoo nyingi za maji ya kisima kwa mara moja, pH inapanda, na kabla ya jioni samaki wanaelea. Anasema maji yametiwa sumu. Tangi lililotelekezwa lisafishwe pole pole, kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Hesabu ni rahisi. Kama maji mapya hayana nitrati, ukibadilisha nusu, 80 hushuka kuwa 40, kisha 20. Isiposhuka kabisa, maana yake ni moja: maji unayoongeza yana nitrati kiasi kile kile. Tulipima zile chupa mbili mezani. Ya tangi, 80. Ya kisima, 80. Mtoto hakukosea, na kipimo hakikuwa kibovu. Kipimo kilikuwa kinatuonyesha hali ya kisima.

Nikamuuliza mzee, "Haya maji mnakunywa?" Akasema ndiyo, tena mjukuu wa miezi mitatu anachanganyiwa nayo maziwa ya kopo.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha nitrati katika maji ya kunywa kisizidi miligramu 50 kwa lita. Mtoto mchanga ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu nitrati ikizidi huweza kuizuia damu yake kubeba oksijeni, na ngozi yake ikageuka samawati. Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yakipungua kwa mvuke nitrati hubaki ndani na kuzidi kukolea.

Siku ile ile mama wa mtoto alielekezwa kliniki, na familia ikaanza kutumia maji ya chanzo kingine kwa maziwa ya mtoto. Sampuli ya kisima ilipelekwa maabara, ikathibitika kuwa kiwango kimepita. Kisima kilikuwa hatua chache kutoka choo cha shimo na banda la kuku. Ushauri wa kawaida ni choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na shimo lake liishie mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kwenye mwamba wa chokaa wenye nyufa, kama wetu, umbali huo unafaa kuongezwa, maana maji hupita haraka bila kuchujwa.

Msinielewe vibaya. Kipimo cha samaki si cheti cha maji ya kunywa. Nitrati ikiwa chini, maji bado yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo, ambavyo kipimo hicho hakivioni. Endeleeni kutibu maji ya kunywa. Lakini mkikuta nitrati imezidi 50 kwenye maji yaliyotoka kisimani moja kwa moja, msinyamaze. Mwambieni afisa wa afya ya umma wa wadi yenu, na maji yapimwe maabara.

Kwa hiyo, unapopima tangi, pima pia ndoo. Andika tarehe, andika namba zote mbili. Mama anayenyonyesha aendelee kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Hapo mtoto hahitaji maji ya kisima chochote.

Yule kijana bado anafuga samaki wake wanane. Siku hizi hutumia maji ya mvua na ya kisima kwa pamoja, na kipimo chake cha mwisho kilisoma 40. Daftari analo bado.

Sasa nakaribisha maswali, na kama kuna aliyekuja na chupa ya maji, ailete hapa mezani tupime pamoja.