Nyeri ya 1902 katika shajara ya mwanajeshi

Simulizi ya jinsi mji wa Nyeri ulivyoanza hutegemea mno shajara ya Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, iliyochapishwa 1957. Humo anaeleza msafara dhidi ya Watetu, Wakikuyu wa eneo hilo, mwaka 1902, mifugo iliyotekwa, boma lililojengwa. Anakiri pia kuamuru watu wazima wa kijiji kizima wauawe, watoto tu wasalimike.

Tumwamini? Alikuwa pia mtafiti wa ndege, na miaka ya 1990 wataalamu wa ndege walithibitisha kwamba aliiba vielelezo vya ndege vya makumbusho na kughushi maelezo ya vielelezo hivyo. Hata hivyo, ukatili anaoukiri haupuuziki. Nasema shajara isomwe, lakini sambamba na ripoti za serikali na masimulizi ya koo za Tetu, kwani ardhi iliyojengewa boma lile ilikuwa na wenyewe.